Mimi, Mama Mkwe na Stovu ya Mnadani

Swali lilikuwa moja, na lilitoka kwa mama mkwe wangu kupitia kwa kaka yake: "Huko Nachingwea atakwenda kuni na nani?"

Nilikuwa na miezi sita tangu nioe, na mke wangu alikuwa bado kwao, Mandawa. Kwetu mwanamume akioa ndiye anayehama. Anajenga kwa wakwe zake, analima kwa wakwe zake, na akikosea anafukuzwa na wakwe zake. Mimi nilijenga kijumba, nikalima likizo moja, kisha nikarudi Nachingwea kufundisha shule ya kati, kwa kuwa serikali haikuwa na mpango wa kuihamishia shule uani kwa mama mkwe wangu. Nilitaka mke wangu aje tukae pamoja katika nyumba ya mwalimu. Ilikuwa na vyumba viwili, bati juu, na mwangwi, maana ndani hamkuwa na kitu cha kuuzuia.

Mke wangu alikuwa tayari. Mjomba wake, ambaye ndiye mwenye neno katika ukoo, hakuwa na kinyongo. Aliyebaki ni mama, naye alibaki na hilo swali la kuni.

Si swali la kipuuzi. Mwanamke wa Mandawa haendi kuni peke yake. Anakwenda na dada zake na mabinti wa mama zake wadogo, na huko porini ndiko yanakozungumzwa yote yasiyozungumzika uani. Asiye na wa kwenda naye kuni anaonekana kama mtu aliyetupwa. Nilipendekeza tununue kuni. Jibu likarudi kwamba mke wa kununuliwa kuni atataka kesho anunuliwe na maji. Nikapendekeza mkaa. Jibu likarudi kwamba mkaa ni kuni za watu usiowajua.

Majibu haya yote yaliletwa na mjomba, kwa sababu mimi na mama mkwe hatukuwa tunasemezana. Sina maana kwamba tuligombana. Kwetu mkwe na mkwewe hawasemezani, hawatazamani, hawali pamoja. Akitokea njiani, mimi naingia majanini mpaka apite. Akiwa jikoni, mimi sina njia ya kwenda jikoni. Nilikuwa nimesoma chuo kikuu huko Uganda, nimeandika kurasa nyingi kuhusu mila za watu wengine, na nilikuwa nimejiapiza kwamba hii ya kwetu sitaifuata bila kupewa sababu. Nikamuuliza mjomba.

"Mjomba, kwa nini nisiongee na mama?"

"Ukijua kwa nini," alisema, "utafanya nini?"

Akamaliza kahawa yake. Nikaendelea kuingia majanini huku nikipinga moyoni.

Basi dawa ya swali la kuni ilikuwa jiko lisilotaka kuni. Nilikuwa nimeziona stovu za mafuta ya taa, zile za tangi la shaba na pampu ubavuni, katika nyumba za Wazungu waliokuja Nachingwea kwa ajili ya mradi wa karanga. Mradi ulikuwa umekwisha, Wazungu wengi walikuwa wanaondoka, na vyombo vyao vilikuwa vinapigwa mnada kwenye godauni moja karibu na reli. Stovu mpya katika duka la Lindi ilikuwa mbali na mfuko wangu. Stovu ya mnadani niliona naweza kuifikia.

Nilijibana miezi mitatu. Chai nilikunywa bila sukari, na nilipoulizwa na walimu wenzangu nilisema ni kwa afya. Chakula nilikula na wanafunzi, ugali na kunde, nikisema nataka kukagua usafi wa jiko lao. Shati langu moja nililigeuza kola, na lilipochakaa upande wa pili nikaanza kuvaa sweta kwenye jua la Oktoba. Mwalimu mmoja alinitazama nikitoka jasho akaniuliza kama huko Uganda ndiko walikonifundisha kuhisi baridi. Watu hudhani ubahili ni kitu kirahisi. Unataka akili nyingi, hasa ya kutunga uongo.

Siku ya mnada nilifika mapema ili nikague. Stovu ilikuwa moja tu, imewekwa juu ya meza kati ya bafu la bati na lundo la vyandarua. Tangi lilikuwa zima. Miguu mitatu ya kubebea sufuria ilikuwa imepinda kidogo. Nikaanza kumuuliza dalali, mtu mnene aliyetoka Lindi, mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya mto. Ilitumika miaka mingapi? Kwa nini inauzwa? Aliyeiuza amenunua nyingine ya aina hii hii, au amechagua aina nyingine, na kama amechagua nyingine, kwa sababu gani?

"Bwana mwalimu," dalali alisema, "unanunua au unasahihisha madaftari?"

Watu wakacheka. Nikarudi nyuma, nikasimama kando ya kabati kubwa la nguo ili nisiendelee kuchekwa. Hapo ndipo nilipokaa mnada ulipoanza, na ndiyo maana sikuona wote waliokuja.

Stovu ilipotajwa nilitaja bei ndogo, kwa sauti ya mtu asiyejali. Nilitegemea kunyamaza kwa watu, maana wengi walikuja kwa ajili ya vitanda na mabati. Sauti ya mwanamke ikaongeza shilingi moja.

Nikachungulia. Alikuwa mama mmoja muuza vitumbua wa pale Nachingwea. Nilimfahamu kwa uso tu, kwa kuwa vitumbua nilikuwa nimeviacha kwa afya. Nikaongeza. Akaongeza. Nikaongeza tena. Alikuwa hana haraka. Kila mara nilipotaja bei aligeuka nyuma, akanong'onezana na mtu aliyekaa chini nyuma ya watu, kisha akageuka mbele na kuongeza.

"Mwalimu, ongeza basi!" alinipigia kelele. "Au chaki haina faida?"

"Mama, stovu hii ni mbovu," nilisema. "Tazama miguu yake."

"Kama ni mbovu, niachie mimi mbumbumbu."

"Utaifanyia nini, nawe unatumia kuni?"

"Na wewe unayekula kwa watoto, utaifanyia nini?"

Kumbe uchunguzi wangu wa usafi wa jiko ulikuwa umefika mpaka sokoni. Godauni zima lilicheka, dalali akajifuta machozi, na mimi kwa hasira nikataja kiasi chote nilichokuwa nacho, hadi nauli ya kurudi Mandawa. Yule mama akageuka nyuma, akanong'ona, akageuka mbele. Akaongeza shilingi mbili.

Sikuwa na senti nyingine. Dalali akagonga meza mara tatu. Miezi mitatu ya chai chungu ikaondoka juu ya kichwa cha muuza vitumbua.

Nilimfuata kwa macho tu, nikitaka kumjua huyo tajiri aliyejificha nyuma. Muuza vitumbua alitoka nje ya godauni mpaka penye kivuli cha lori, akaitua stovu mbele ya mwanamke aliyekuwa ametangulia kukaa hapo chini, amejitanda kanga mbili, ametupa mgongo. Nikamtambua papo hapo. Nilimtambua kwa mgongo, kwa sababu mgongo ndiyo sehemu pekee ya mama mkwe wangu niliyokuwa nimewahi kuiona vizuri.

Nikarudi nyuma ya kabati. Mimi, mpinga mila, nilikaa nyuma ya kabati la nguo mpaka lori likaondoka, na dalali akaja kuniuliza kama nalitaka kabati.

Wiki ile yote nilifundisha vibaya. Nilijua mambo mawili. Kwanza, kwamba kama tungeruhusiwa kusemezana maneno matatu tu, stovu ile tungeipata kwa nusu ya bei, na hili niliona ni ushahidi tosha dhidi ya mila. Pili, kwamba mama mkwe alikuwa amesafiri kutoka Mandawa hadi Nachingwea, na fedha yake ya ufuta kwenye pindo la kanga, kuja kuninyang'anya kitu pekee ambacho kingemleta mke wangu kwangu. Sikuweza kufikiri sababu nyingine. Ataiweka jikoni kwake, niliwaza, halafu atasema: jiko lisilotaka kuni liko huku, sasa huko Nachingwea anafuata nini?

Jumamosi nilipanda lori la ufuta tupu hadi Ruangwa, dereva akinibeba bure kwa kuwa nilimwandikia barua kwa mwajiri wake, na kutoka Ruangwa nikaenda Mandawa kwa baiskeli ya kuazima. Mke wangu alinipokea kwa ndoo ya maji ya kuoga huku midomo yake ikimcheza.

"Nasikia ulikwenda mnadani," alisema.

"Nilikwenda."

"Nasikia kulikuwa na baridi, ulivaa sweta."

"Mama yako anaitaka ile stovu ya nini?"

"Muulize."

"Nitamuulizaje?"

"Si umesoma?"

Baada ya sala ya adhuhuri niliitwa uani. Stovu ilikuwa imewekwa juu ya kigoda, nje ya ukuta wa jiko, imesuguliwa kwa majivu hadi inang'aa. Pembeni palikuwa na chupa ya mafuta ya taa, kichupa cha spiriti na kiberiti. Mjomba alikuwa amelala kimshazari kwenye mkeka. Mama mkwe hakuonekana, lakini ukuta wa jiko lake ni wa miti na udongo, udongo ulikuwa umepasuka hapa na pale, na katika ufa mmoja niliona rangi ya kanga.

"Mkwe," mjomba alisema, "mama anasema iwashe."

"Mimi?"

"Wewe. Anasema aliinunua kwa sababu hiyo. Angekuachia uinunue, ungeipeleka moja kwa moja nyumbani kwako, naye asingejua kama unajua kuiwasha. Anasema anawajua watu waliounguzwa na vitu hivi. Ukiiwasha vizuri, mtoto anakwenda nayo. Usipoweza, mtoto anakaa, na stovu inakaa."

Kwa hiyo hakuja kuninyang'anya. Alikuja kunitahini. Sasa ni lazima niseme ukweli ambao sikuusema pale uani: sikuwahi kuwasha stovu maishani mwangu. Chuoni tulikuwa na wapishi. Nilichokijua ni nadharia. Basi, kama afanyavyo mtu wa nadharia, nilianza kwa maelezo. Nilimweleza mjomba jinsi mafuta yanavyosukumwa na hewa, yakapanda kwenye mrija, yakageuka mvuke kwa sababu ya joto. Nilikuwa nafika kwenye mvuke mjomba alipofumba macho. Ndipo nikasikia sauti kutoka nyuma ya ukuta, ya upole na kavu. Kuku mmoja tetea alikuwa anaparua karibu na mlango wa jiko, na ndiye aliyesemeshwa.

"We tetea. Mwambie mtu huyo sikuomba hotuba."

Mke wangu akaingia ndani haraka, mkono mdomoni.

Nikamimina mafuta. Nikafunga kila kilichoweza kufungwa. Nikaanza kupampu. Kadiri sikuona kitu ndivyo nilivyozidi kupampu, kwa hoja kwamba kama hewa kidogo ni nzuri, nyingi ni nzuri zaidi. Kisha nikawasha kiberiti.

Mafuta yalitoka yakiwa mabichi na yakashika moto hivyo hivyo. Mwali wa njano wenye moshi mweusi uliruka juu kupita kichwa changu, ukalamba makuti ya paa la jiko. Mjomba, ambaye nilidhani amelala, aliruka na mkeka wake. Tetea akakimbilia kwa jirani.

"Fungua hewa!" ukuta ulipiga kelele. "We mwanangu, fungua hewa! Hicho kiskurubu! Kulia kwako!"

"Naam mama!" nikajibu, nikakifungua.

Stovu ikatoa pumzi ndefu, mwali ukanywea, ukafa. Makuti mawili yalikuwa yanafuka. Mke wangu akayamwagia maji.

Ndipo sote tukatambua lililotokea. Mama mkwe alikuwa amenisemesha. Mimi nilikuwa nimemjibu. Jambo hilo lilikuwa limefanyika mchana kweupe, mbele ya mashahidi wawili. Mjomba akatandika mkeka wake polepole, akaketi, akatazama mlima kwa makini kama mtu anayetaka kuununua.

"Sikusikia kitu," alisema.

"Mimi nilikuwa ndani," akasema mke wangu, naye alikuwa amesimama mbele yangu na ndoo.

Tetea hakuwepo tena, kwa hiyo mama mkwe ilimbidi atafute mwingine. "We kinu," alisema baada ya muda, "muulize mtu. Huko chuoni walipikiwa?"

Ningeweza kutoa maelezo mengine. Nilikuwa nayo mawili tayari, moja la ubovu wa stovu na moja la upepo. Lakini masizi yalikuwa yananichuruzika kwenye kola niliyoigeuza, na kinu ni kitu ambacho huwezi kukidanganya kwa raha.

"Kinu," nilisema, "mjibu mama kwamba tulipikiwa. Sijui kuwasha stovu hii. Sijawahi."

Nilisikia kitu kama kikohozi, au kicheko kilichozuiliwa na kanga.

"Haya. Kinu, mwambie afute kwanza hayo mafuta. Vizuri. Chini ya kichwa pana kikombe kidogo. Atie spiriti hapo, ijae, isimwagike. Kiskurubu kiwe wazi. Awashe spiriti, halafu atulie. Mwambie atulie, asiguse pampu. Huyo, mkono wake uko kwenye pampu."

Nikautoa.

"Aache spiriti iwake mpaka ikaribie kwisha. Kichwa kinataka kipate joto. Sasa afunge kiskurubu. Apampu mara moja. Mara mbili. Basi, asubiri. Inavuma?"

Ilikuwa inavuma. Duara la moto wa buluu lilikuwa limetokea, safi, halina moshi, linaunguruma kwa sauti ya nyuki ndani ya mzinga. Nilitazama kile kitu kwa furaha ya kitoto, na nikaona aibu kwamba nilikuwa nimekieleza chote bila kukijua hata kidogo.

"Mama alijifunza wapi?" nilimuuliza mjomba kwa sauti ya chini.

"Wakati wa karanga alikuwa anauza mayai na kuku kwenye milango ya nyuma ya Wazungu kule Nachingwea," alisema. "Wapishi walikuwa wanamchelewesha kumlipa. Yeye anasubiri, anatazama."

Alinifanya niizime na kuiwasha mara tatu. Ya tatu hakusema neno. Nami nilipokuwa nimechuchumaa pale, mkono mweusi, nilianza kufikiri jambo lililoniudhi. Kama ukuta usingekuwepo, kama mama yule angesimama juu yangu na kunitazama usoni, nisingesema sijui. Ningebishana mpaka jiko lote liungue. Sisemi kwamba mila ilikuwa na haki. Shilingi za mama bado zilikuwa mfukoni mwa dalali kule Lindi, na mjomba hakuchoka kutukumbusha kwamba tulimlisha mtu wa watu. Nasema tu kwamba siku ile hoja yangu ilipungua nguvu, na tangu hapo haijapona sawasawa.

"Kinu," sauti ilisema mwishowe, "mwambie mjomba amfungie mtoto mizigo yake."

Tuliondoka Jumapili asubuhi. Mke wangu alibeba stovu mwenyewe, amekataa kunipa. Tulipofika njia ya Ruangwa aliniambia, "Watu wawili mmenipigania jiko mpaka mkatajirisha dalali. Hakuna aliyeniuliza kama naogopa kwenda kuni peke yangu."

"Unaogopa?"

"Hata kidogo. Nyumba ya pili kutoka kwako anakaa binti wa mama yangu mdogo. Mumewe ni fundi wa magari, na mama anajua vizuri; swali lake lilikuwa la kukupima. Wewe hujui kwa sababu hununui vitumbua, na habari zote za mji, hata za stovu yako, hupitia huko."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilitaka kuona mtafikia wapi."

Jioni ya kwanza Nachingwea aliwasha stovu kwa mkono mmoja, akateleka maji, yakachemka upesi kuliko nilivyopata kuona, nikajisifu. Kisha akatia unga na kuanza kusonga. Ugali wa kwetu hausongwi kwa upole. Alipoukandamiza mara ya kwanza, ile miguu mitatu iliyopinda ikayumba, sufuria ikainama, na stovu nzima ikatembea sakafuni kuelekea mlangoni. Mzungu aliyeitengeneza alikuwa anafikiria chai.

"Shika," mke wangu alisema, akanitupia matambara mawili.

Nikapiga magoti, nikashika masikio ya sufuria kwa mikono miwili, yeye akasonga. Tukawa tunafanya hivyo kila jioni. Mwalimu aliyesoma Uganda anapiga magoti jikoni kwake, uso umeelekezwa kwenye mvuke, anapokea amri: vuta kwako, usilegeze, inama. Tulipika na mlango wazi kwa sababu ya harufu ya mafuta, kwa hiyo kila aliyepita aliona. Muuza vitumbua aliona, akasimama, akaita wenzake.

Habari zilifika Mandawa ndani ya wiki mbili. Mjomba alipokuja kututembelea alileta kuku, ufuta, na neno kutoka kwa mama mkwe, ambalo alilitoa akiwa mlangoni, hata kabla ya kuketi. Mama amesikia, alisema, kwamba mtu anashika sufuria. Amefurahi. Anasema tu mtu huyo asishike masikio kwa juu, ataungua. Ashike kwa chini, na viwiko avibane.

Nilijaribu jioni ile ile. Ni kweli, inashika vizuri zaidi.